Shija wa Pamba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, pacha wangu aliacha kulala. Juu ya jambo hilo mashahidi wote wanakubaliana. Mama anasema hivyo. Marehemu Bibi alisema hivyo mpaka mwisho wa uhai wake. Baba, ambaye hukubali mambo machache bila kuonyeshwa, analikubali hili. Mama Neema, jirani yetu wa Igogo tuliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja, analisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa naye alikuwa halali. Wanakubaliana pia kwamba kabla ya hapo Doto alilala vizuri, kwamba usingizi ulimtoka baada ya mimi kuhamishwa kutoka kitandani kwake, na kwamba baadaye ulirudi. Wanachobishania hadi leo ni kitu kilichourudisha.

Kazi yangu ya uwakili imenizoesha kutomwamini shahidi kwa sababu tu ninampenda. Katika shauri hili nawapenda mashahidi wote, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Msomaji achukue tahadhari.

Jina langu ni Kulwa. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, awe wa kike au wa kiume. Mimi nilitoka upesi. Doto alichelewa, akakosa hewa, akapata ulemavu ambao hospitalini huitwa mtindio wa ubongo. Akili yake haikupungua chochote. Misuli yake ndiyo iliyokataa kumtii. Mikono ilijikunja bila kuagizwa, miguu ilijipinda mmoja juu ya mwingine, maneno yalitoka kwa kuvutwa moja moja. Tulipofikia umri wa shule, mimi niliweza kukimbia mpaka kwenye mawe ya ziwani na kurudi, naye aliweza kukaa akiegemezwa kwenye kiti ambacho Baba alimtengenezea kwa kukata meza yake ya kusahihishia madaftari.

Mpaka wakati huo tulilala kitanda kimoja, chembamba, kilichosukumwa ukutani. Wembamba wake haukuruhusu mtu kulala chali. Doto alilala ubavu, uso kwa ukuta, nami nikalala nyuma yake, magoti yangu yakiingia nyuma ya magoti yake. Hatukuchagua kulala hivyo. Kitanda ndicho kilichotuchagulia.

Baba ni Mhaya, Mlutheri kutoka Kagera, mwalimu wa fizikia. Mama ni Msukuma wa upande wa Kisesa, na alipojifungua mapacha mama yake, yaani Bibi, alimfundisha sheria moja ambayo haikuwa na msamaha: ukimnunulia mmoja, mnunulie na mwenzake, kitu kile kile, siku ile ile. Baba hakuziamini sababu za sheria hiyo, lakini aliipenda yenyewe kwa kuwa ilifanana na haki, akaishika kuliko Wasukuma wenyewe. Nilipopata viatu, Doto alipata viatu, ingawa nyayo zake hazikugusa ardhi. Kwa hiyo ilipoonekana kwamba mwanafunzi wa darasa la kwanza anahitaji kitanda chake, Baba hakuninunulia kitanda. Alikwenda kwa fundi seremala wa Buzuruga akatengenezesha vitanda viwili, vipana, vyenye magodoro mapya ya sponji na mashuka ya rangi moja. Doto akalazwa katikati ya godoro lake, chali, amenyooshwa vizuri, mkono huku na mkono huku, kama mtu yeyote mwenye kitanda chake.

Ninaamini leo kwamba kosa hilo lisingeweza kufanywa na baba mwingine. Angekuwa na upendeleo kidogo tu, angeninunulia mimi kitanda na kumwacha Doto kwenye kile chembamba, na pengine nisingekuwa na cha kuandika.

Bibi alikuja kuviona. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi, akavitazama kimoja baada ya kingine.

"Baba Kulwa, umenunua vitanda au umenunua kesi?"

"Mama, watoto wamekua."

"Wamekua miguu. Usingizi wa mapacha ni mmoja. Mkiugawa, mmoja ataubeba wote na mwenzake atabaki na macho."

Baba alicheka kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa kucheka. "Mama, usingizi haugawanyiki kama muhogo."

"Ndicho ninachokuambia," Bibi akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Sina budi kueleza hapa kwamba nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wazee kadhaa wa Kisesa na Bujora kuhusu imani hii. Wengine waliitambua mara moja. Wengine walisema hawajawahi kuisikia. Mmoja aliniuliza bibi yangu alikuwa wa ukoo gani, kisha akatikisa kichwa kana kwamba jibu limejieleza. Siwezi basi kuthibitisha kwamba ni mila ya Wasukuma. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba ilitamkwa, mbele yangu, kabla ya tatizo kuanza. Bibi hakuitunga baadaye ili ilingane na yaliyotokea.

Tatizo lilianza karibu mara moja. Doto alisinzia, kisha kitu kidogo kikamshtua, mbwa wa mtaani au ndoo ya Mama Neema, na mwili wake wote ukakakamaa. Mgongo ulijipinda kama upinde, visigino vikachimba godoro, akaamka akilia kwa maumivu. Mama alimbeba mpaka alegee. Akamlaza tena chali, vizuri, katikati ya godoro. Ikaanza upya. Baba alipokea zamu lakini asubuhi alikuwa na vipindi vya kufundisha, na Doto mikononi mwake alikakamaa zaidi, basi zamu ikarudi kwa Mama. Hospitalini walitoa dawa ya kulegeza misuli, nayo ikamfanya asinzie mchana na kuchangamka usiku. Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Mama Neema, ambaye ni Mkerewe na ana maoni juu ya kila jambo, alisema mtoto anaona watu tusiowaona.

"Akiwaona awaambie wanipishe nilale," Mama akamjibu.

Mimi nililala. Huo ndio ulikuwa ushahidi mzito wa upande wa Bibi, na hakuna aliyeuona kwa uzito kama mimi. Kila asubuhi niliamka nimeshiba usingizi, nikamkuta Mama amekaa na Doto kifuani, wote wawili macho yamevimba, nikajua nimewabebea usingizi wao. Nikaamua kuuacha. Nilijifinya, niliweka kokoto chini ya mgongo, niliimba kimoyomoyo nyimbo zote za darasani. Niliamini kwamba kila kipande cha usingizi nilichokikataa kingevuka chumba na kumfikia Doto. Hakikufika. Nilianza kusinzia darasani, na mwalimu akamwambia Baba ana kwa ana kwamba binti yake amelala juu ya dawati mpaka mate yamelowesha kitabu. Sasa katika nyumba yetu tulikuwa watatu tusiolala, na sababu ya wa tatu hakuna aliyeijua.

Kisha ikaja Jumapili ya beseni. Ilikuwa asubuhi, kabla ya ibada, jua limeshajaa uani. Mama alikuwa akimwogesha Doto, mkono wa kushoto ukishika shingo yake, nami nikimwagia maji kwa kikombe. Niliona kope za Mama zikishuka. Nilidhani ni sabuni. Halafu mkono ukalegea na kidevu cha Doto kikaingia majini, kikafuatwa na mdomo.

Nilipiga kelele. Mama alishtuka akamnyanyua, Doto akakohoa, akatapika maji, akavuta pumzi. Hakudhurika. Mama aliketi chini kwenye matope, amemkumbatia, maji yakitiririka kwenye kitenge chake cha kanisani.

"Nimelala," alisema, si kwangu wala kwa Doto. "Nimelala huku nimemshika mtoto."

Siku hiyo hatukwenda kanisani. Baada ya chakula cha mchana, Baba alisema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba kwa muda.

"Mama Kulwa, kuna kituo. Ni mbali, mkoa mwingine, lakini wanapokea watoto kama yeye. Wana walezi wa zamu. Akae huko hata mwaka, wewe upone."

"Mimi siumwi."

"Leo ungemzamisha."

Mama akauliza, "Walezi wa zamu. Zamu ikibadilika, anayeingia atajuaje kwamba akikunja kidole gumba anataka kugeuzwa?"

"Watajifunza."

"Akiwa analia, wakiwa wanajifunza."

Doto alikuwa pale pale, kwenye kiti chake, katikati yao. Hakuna aliyepunguza sauti. Watu walikuwa wamezoea kuzungumza mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati, na naomba nisieleweke vibaya, kwa kuwa wazazi wangu walimpenda kupita maelezo. Ni kwamba yeye hakujibu haraka, na asiyejibu haraka husahaulika kwamba anasikia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikielewa kwamba Doto akiendelea kutolala ataondolewa. Mama aliomba mpaka mwisho wa mwezi. Baba alikubali. Mama akachukua simu, akatoka uani, akampigia mama yake.

Bibi alifika akiwa na hasira ya mtu aliyeonya mapema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Kulwa. Mbona macho mekundu? Nani anakula usingizi wako?"

Nilimwambia yote, la kokoto na la nyimbo. Nilidhani atanisifu.

"Mjinga wewe," alisema, akinivuta kwenye mapaja yake. "Mtu haachiwi usingizi mezani kama ugali wa aliyechelewa. Unalaliwa. Nyie mlilala pamoja kabla hamjawa na majina. Mrudi mlale pamoja, basi."

Baba alisikia hilo akakunja uso. Kulwa ana shule, alisema. Doto ameshakuwa na nguvu, akikakamaa atamuumiza mwenzake. Na zaidi ya hayo, hakutaka nyumba yake iendeshwe kwa hofu. Lakini Baba ni mtu wa haki hata kwa imani asizoziamini, na alitoa pendekezo ambalo mimi, kwa taaluma yangu, bado nalistahi. Jaribio lifanyike mchana, kweupe, mbele ya watu wote, dawa isibadilishwe.

"Kweupe ndiko kuzuri," Bibi akasema. "Tena mwiteni huyo mwenye kelele wa ukuta wa pili, asije akasema tumefanya uchawi."

Mama Neema alikuja upesi kuliko heshima inavyoruhusu, mikono ikinuka dagaa. Ilikuwa Jumamosi, Baba ametoka kufundisha masomo ya ziada. Bibi alitandika mkeka sebuleni, juu yake blanketi. Hakumlaza Doto chali. Alimlaza ubavu, akamkunja magoti yakapanda kuelekea tumboni, akaleta mikono yake miwili mbele ya kifua, akainamisha kichwa chake kidogo.

"Tumboni mlikaa hivi. Mama yenu alikuwa hapiti mlangoni. Kulwa, njoo nyuma yake."

Nililala nyuma ya Doto. Nilihisi uti wa mgongo wake kwenye kifua changu, nikapitisha mkono juu yake kama zamani. Niliapa moyoni kwamba sitalala hata wakinichapa, ili apate wote. Nilikazia macho misumari ya dari. Watu wanne wazima walikuwa wamekaa wakitutazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

"Mwone mguu," Mama Neema alinong'ona. "Umelegea."

"Nawe legeza mdomo," Bibi akamwambia.

Baada ya muda ambao kila shahidi anaupima tofauti, Baba alisogea, akachuchumaa, akapitisha kiganja mbele ya uso wa Doto. Kope hazikutikisika. Nje gari la matangazo lilipita likipiga muziki, jambo ambalo siku nyingine lingemkakamaza kama ubao, na Doto hakukakamaa. Mama alifunika mdomo kwa kitenge.

"Amelala," alisema.

"Na huyu mwingine je?" Baba aliuliza. "Kulwa yuko macho. Mama, si ulisema usingizi wao ni mmoja?"

Bibi hakusita. "Amempa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Kama ningelala, Bibi angesema usingizi umewarudia wote. Sikulala, akasema nimempa. Dai ambalo hushinda kwa matokeo yoyote halijathibitishwa na tokeo lolote, na mbele ya hakimu makini lisingesimama. Lakini mchana ule halikuwa mbele ya hakimu. Lilikuwa mbele ya mama ambaye hakuwa amelala.

Baba, ambaye alikuwa ameona kwa macho yake, alianza kutafuta sababu. Labda ni joto la mwili wa Kulwa. Labda ni kule kukunjwa magoti. Labda ni mgongo kuwa na kitu cha kuegemea. Alisema tuyajaribu moja moja, leo magoti peke yake, kesho mgongo peke yake.

"Tukibadilisha yote kwa pamoja hatutajua lililofanya kazi."

"Baba Kulwa," Mama alisema kwa upole kabisa, "mimi sitaki kujua lililofanya kazi. Mimi nataka kulala."

Bibi aliangua kicheko. "Unafundisha watoto wa watu, Mwalimu. Wako wanakufundisha wewe."

Mapatano waliyofikia sijawahi kuyaona kwingine. Baba hakukubali nirudi kwenye kitanda cha Doto. Alisema atatengeneza mto mrefu wa kukaa mgongoni mwake badala yangu. Bibi alisema mto haukuzaliwa na mtu. Baba akasema basi hakuna mapatano. Bibi akafikiri, akauliza mto huo utajazwa nini. Sponji, Baba akasema. Bibi akasema sponji ni godoro lile lile lililoleta kesi. Ikiwa lazima, utajazwa pamba ya shamba lake, iliyochambuliwa kwa mkono, na utavishwa gauni la Kulwa ambalo halijafuliwa. Baba alimtazama Mama, akakubali.

Pamba ilikuja kutoka Kisesa ndani ya kiroba. Mama alishona mto wa urefu wangu, na mwingine mdogo wa kuweka katikati ya magoti ya Doto ili miguu isipandiane. Huo wa pili ulikuwa wazo lake, na hakuna upande uliowahi kumpa sifa. Mto mkubwa ulivishwa gauni langu la njano. Ulipolazwa kitandani, Bibi aliupigapiga mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunyonya.

"Haya. Shija wenu huyu."

Shija ni jina la mtoto anayefuata baada ya mapacha. Mama hakuwa na mtoto mwingine baada yetu, na baada ya yale ya kuzaliwa kwetu hakutegemea kuwa naye. Alimtazama yule mtoto wa pamba mwenye gauni la njano, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Doto naye alicheka, kile kicheko chake kinachoanza kwenye mabega.

Usingizi haukurudi kwa kishindo. Ulirudi kwa vipande, kama umeme wa mtaa wetu. Kulikuwa na siku mbaya katikati ya siku nzuri, kisha siku nzuri zikawa nyingi. Bibi alikaa nasi akimkanda Doto miguu kwa mafuta kila jioni. Daktari aliongeza kipimo cha dawa karibu na kipindi hicho hicho. Baba anasema kabla ya Shija, Mama anasema baada, na hakuna aliyeweka kumbukumbu. Siku moja Mama Neema, kwa wema tu, alilifua gauni la njano, na Doto hakulala. Bibi alilitaja tukio hilo kama ushahidi mpaka anazikwa. Baba hukumbusha kwamba siku hiyo Doto alikuwa na homa. Yote mawili ni kweli. Niliyaona.

Mwisho wa mwezi ulipita, na hakuna aliyetaja kituo. Kipo kitu kimoja ninachokikumbuka kutoka siku hizo kuliko vyote. Mchana wa Jumapili, Mama amelala kwenye kochi la sebuleni, mdomo wazi, mkono umening'inia. Doto yuko kwenye kiti chake, amenyamaza. Baba amesimama nje ya mlango kama askari, akimzuia Mama Neema.

"Mama Kulwa yupo?"

"Hayupo."

"Mbona namwona miguu?"

"Amelala."

"Si umesema hayupo?"

"Akilala hayupo. Rudi jioni."

Miaka mingi baadaye nilimsindikiza Doto kliniki, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba mtoto mwenye misuli ya namna ile akilazwa chali mara nyingi hukakamaa, na akilazwa ubavu, amekunjwa, ana egemeo mgongoni na mto kati ya magoti, mara nyingi hutulia. Alisema pia kwamba usiku wa mama huanzia kwenye usiku wa mtoto, na kwamba watu humtibu mmoja wakamsahau mwingine. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya wakili aliyepata shahidi mtaalamu. Kesi imekwisha, niliwaza: ulikuwa mkao. Kitanda chembamba kilikuwa tiba bila kujua, na kitanda cha haki kikaiondoa. Bibi alipata jibu sahihi kwa hoja isiyo sahihi.

Lakini mkao hauwezi kueleza kila kitu. Mama sasa hushona mito hiyo na kuwapelekea wazazi wengine siku za kliniki, wanawake wanaoingia wakiegemea kuta, na mwanamume mmoja aliyesinzia akiwa amesimama. Huwaonyesha mkao, huwaonyesha magoti, kisha huwaambia mto uvishwe nguo ya mtu ambaye mtoto anampenda. Nilimwuliza kama mto usio na nguo unafanya kazi sawasawa.

"Sijui. Sijawahi kutoa mto uchi."

"Ungejaribu mmoja, Mama."

"Kwa mtoto wa nani?"



Katika ushahidi huu wote kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumhoji, nami, niliyesomea kuhoji watu, sikuliona hilo mpaka mwaka jana. Doto ni mtu mzima sasa, anaishi na Mama, na ndiye anayewaeleza wazazi wapya, kwa maneno yake ya polepole, mahali mto unapobana. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake mchana, nikimsaidia kula chungwa, nikamwuliza ule mchana wa mkekani alisikia nini kabla usingizi haujamchukua.

Alimeza kipande cha chungwa. Kisha akasema, akipumzika kati ya neno na neno, "Sikulala."

"Ulilala, Doto. Wote waliona."

"Nilifumba macho."

Nilimwuliza kwa nini. Alikunja uso kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Alikuwa amesikia habari za kituo. Alikuwa amesikia pia kwamba akilala nikiwa nyuma yake nitarudishwa. Mtu yeyote mwenye akili, alisema, angefumba macho.

"Ungewezaje kutulia? Gari la matangazo lilipita."

"Ulinishika."

"Kwa hiyo hukulala hata kidogo?"

"Ningelalaje? Ulikuwa unanipumulia shingoni. Na mkono wa Baba ulinuka chaki."

Habari za chaki hazimo katika simulizi za nyumbani kwetu. Nimezisikia zote, na hakuna aliyewahi kuitaja. Kwa upande mwingine, mkono wa Baba ulinuka chaki kila siku ya utoto wetu, na mtu anaweza kuiweka harufu hiyo katika mchana wowote aupendao. Shahidi alikuwa mtoto wakati ule, muda mrefu umepita, na ni dada yangu, ambaye starehe yake kubwa ni kuniona nimechanganyikiwa. Nilimwuliza swali la mwisho: na zile siku zilizofuata, na Shija, napo alifumba macho tu?

"Hapo nililala."

"Kwa nini?"

Mabega yakaanza kutikisika. "Nilichoka kuigiza."

Kwa miaka yote nimempima Doto kama kitu ambacho wengine walikitendea: wakamlaza, wakamkunja, wakampa dawa, wakampa usingizi wangu. Sikuwahi kumweka katika orodha ya watu waliofanya jambo. Kama anasema kweli, basi mtoto ambaye mwili wake haukumtii aliulazimisha utii mchana mmoja, mbele ya watu wazima wanne, ili asiondolewe kwa mama yake. Kama hasemi kweli, basi alilala tu, kwa sababu ya magoti, au pamba, au dawa, au mikono ya Bibi yenye mafuta, au mimi. Sijapata njia ya kuyatenganisha, na nimegundua kwamba kutoyatenganisha hakuninyimi usingizi.

Nimeeleza nilichokiona na nilichosikia, na nimesema ni wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Sasa wewe uliyesikia pande zote, usiyempenda hata mmoja wetu, kaa mahali pangu uamue: ni nani aliyemlaza Doto?